Bajeti ya Ngozi: Kisa cha Mwanamichezo wa Paratriathloni Aliyezaliwa Bila Sehemu ya Chini ya Mguu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanamke aliyeshindana katika paratriathloni ya ngazi ya juu, yaani mchezo wa watu wenye ulemavu unaounganisha kuogelea, baiskeli na mbio, kuanzia msimu wa 2017. Jina lake, nchi yake, upande wa mguu unaohusika na majina ya mashindano aliyoshiriki yameondolewa. Daraja lake la ushindani limeachwa kama lilivyo, kwa sababu bila kulijua msomaji hataelewa kwa nini uamuzi mmoja ulimgharimu miaka miwili. Neno "kigutu" limetumika kwa kuwa ndilo analolitumia yeye mwenyewe anapoutaja mguu wake, na aliomba lisibadilishwe kwa neno la kistaarabu zaidi.

Usuli

Paratriathloni ya ngazi ya juu huchezwa kwa masafa mafupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Saa huanza kuhesabu mshindani anapoanza kuogelea na haisimami mpaka avuke mstari wa mwisho, kwa hiyo muda wa kuvua vazi la mpira, kuvaa mguu bandia na kubadilisha vifaa ni sehemu ya matokeo kama ulivyo muda wa kupiga pedali. Mguu bandia hauvaliwi katika kuogelea, bali huruhusiwa katika baiskeli na katika mbio. Kwenye baiskeli hairuhusiwi kujibanza nyuma ya mpinzani ili kukingwa na upepo, jambo linalomaanisha kwamba kila mmoja hufanya kazi yake yote mwenyewe.

Mchezo huu uliingia katika Paralimpiki kwa mara ya kwanza Rio mwaka 2016, ukiwa na mashindano sita ya medali. Mwaka 2017 madaraja yalipangwa upya. Wanaoendesha baiskeli za mikono na kukimbia kwa viti vya magurudumu waliwekwa PTWC, wenye ulemavu wa kuona wakawekwa PTVI, na wanaoshindana wakiwa wamesimama wakagawanywa kutoka PTS2 hadi PTS5, ambapo namba ndogo inaashiria athari kubwa zaidi ya ulemavu katika mchezo wenyewe. Mhusika, aliyezaliwa bila sehemu ya mguu mmoja chini ya goti, alipimwa na kuwekwa PTS4. Kabla ya hapo alikuwa muogeleaji, lakini daraja la kuogelea halihamishiki, kwa maana kila mchezo hupima upya athari ya ulemavu kulingana na kazi inayofanywa katika mchezo huo.

Alivalishwa mguu bandia wa kwanza alipoanza kusimama, na soketi, yaani sehemu ya juu ya mguu bandia inayopokea kigutu, ikawa inabadilishwa kila alipokua. Bwawa lilikuwa mahali pekee ambapo hakuhitaji kifaa chochote, na huenda ndiyo sababu aliogelea sana na vizuri.

Lipo jambo moja la utotoni ambalo timu ililijua tangu mwanzo bila kulipa uzito. Mtu mzima anayekatwa mguu hupitia majuma ya mafunzo ambamo hufundishwa kukikagua kigutu kwa kioo kila siku, kutambua wekundu wa hatari, na kuongeza au kupunguza soksi zinazovaliwa ndani ya soketi, kigutu kinapopungua au kuvimba. Aliyezaliwa hivyo kwa kawaida hapitii mafunzo ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna siku ambayo ulemavu wake ulianza. Wazazi wake walimkagua alipokuwa mdogo, kisha kazi hiyo ikapita kwake kimyakimya bila mtu kuuliza kama anaijua. Nyumbani alisifiwa kuwa mtoto ambaye mguu wake hausumbui, na sifa hiyo aliilinda.

Mfululizo wa matukio

Misimu miwili ya kwanza ilikwenda kama kocha alivyotarajia. Mazoezi ya kuogelea yalipunguzwa ili muda uende kwenye baiskeli na mbio, na kwa kuwa alitoka majini akiwa mbele ya karibu washindani wote wa daraja lake, kila sekunde aliyoipata nchi kavu ilionekana moja kwa moja kwenye nafasi aliyomaliza. Mwaka 2018 alianza kukimbia mara nne kwa wiki. Mwishoni mwa msimu huo alipata lengelenge mbele ya kigutu, pale mfupa wa muundi unapokaribia ngozi. Lilipona kwa siku chache na halikuandikwa popote.

Mwaka 2019 timu ililazimika kukabili suala la Paralimpiki ya Tokyo. Programu ya Michezo hiyo ilikuwa na mashindano manane ya paratriathloni, na wanawake wa PTS4 hawakuwa na shindano lao. Njia iliyobaki ilikuwa kuwania nafasi katika PTS5, yaani dhidi ya wanawake wenye athari ndogo zaidi ya ulemavu. Timu iliamua kujaribu. Ili kukusanya pointi za kufuzu alisafiri kushindana mara nyingi kuliko msimu wowote uliotangulia, na katika nusu ya pili ya mwaka huo alipata majeraha mawili ya ngozi. La pili alilificha kwa zaidi ya wiki mbili akiendelea na mazoezi kwa kubandika plasta na kuongeza soksi, mpaka likawa kidonda chenye usaha kilichohitaji dawa za kuua bakteria na kumzuia kuvaa mguu bandia kabisa.

Machi 2020 Michezo ya Tokyo iliahirishwa kwa mwaka mmoja, na timu ililipokea tangazo hilo kama bahati. Kidonda kilipona, mwili ukapumzika, kisha mpango uleule ukaanzishwa upya bila kubadilishwa neno. Miezi ya mwanzo ya 2021 kidonda kilirudi mahali palepale, akakosa mashindano ya mwisho ya kufuzu, na Tokyo akaitazama kwenye televisheni.

Baada ya hapo kocha wa kwanza aliondoka kwa hiari yake. Kocha mpya hakugusa mazoezi kwa wiki tatu za mwanzo. Alikaa na mhusika, mtaalamu wa viungo bandia na mtaalamu wa fiziotherapia, wakasoma shajara zote za mazoezi za miaka minne. Walitarajia kuona majeraha yakifuata wiki zenye mbio nyingi, lakini sivyo ilivyokuwa. Karibu majeraha yote yalianza ndani ya siku kumi baada ya safari ndefu, hata pale ambapo mbio za wiki hiyo zilikuwa chache.

Maelezo hayakuwa magumu kuyapata mara swali sahihi lilipoulizwa. Katika ndege kigutu huvimba kwa kukaa muda mrefu ndani ya soketi iliyobana. Kisha hufuata matembezi ya viwanja vya ndege, foleni, kubeba sanduku la baiskeli, kukagua njia ya shindano, kwenda na kurudi kwenye usajili, mara nyingi kwenye joto linalofanya jasho lijae ndani ya soksi ya silikoni. Walipohesabu, mbio za kilomita 5 zilimgharimu takriban hatua 2,000 kwenye mguu bandia, ilhali siku moja ya safari ilimgharimu zaidi ya mara mbili ya hizo. Kila mmoja alikuwa amezihesabu kilomita za mazoezi kwa uangalifu mkubwa, na hakuna aliyehesabu kutembea.

Kuanzia mwishoni mwa 2021 ulianzishwa utaratibu ambao timu iliuita bajeti ya ngozi. Kila wiki ilipewa idadi ya hatua ambazo kigutu kingeruhusiwa kubeba, na hatua hizo zilijumuisha za nyumbani, za safari na za mazoezi. Hatua ya kukimbia ilihesabiwa kuwa sawa na mbili na nusu za kutembea. Kipimo hicho kilikuwa cha kukadiria tu, na kocha alikiri hivyo tangu siku ya kwanza, lakini kukadiria kulikuwa bora kuliko kutohesabu kabisa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuwania PTS5 ulikuwa na hoja zake, na si haki kuuhukumu kwa kutazama nyuma pekee. Mhusika alikuwa katika umri wa nguvu, hakukuwa na uhakika kwamba daraja lake lingepewa nafasi katika Paralimpiki iliyofuata ya Paris, na ufadhili wa wanamichezo wengi hufuata Paralimpiki. Kocha wa kwanza alikuwa pia na mfano aliourudia mara kwa mara: Grace Norman wa Marekani, aliyezaliwa na tofauti ya mguu, anayekimbia kwa mguu bandia, na aliyeshinda dhahabu ya PT4 huko Rio kabla ya madaraja kupangwa upya. Kama yeye ameweza, hoja ilikwenda, mguu bandia si kizuizi.

Uamuzi wa pili ulihusu miguu bandia yenyewe. Katika miaka ya mwanzo mhusika alitumia mguu mmoja kwa baiskeli na mbio, ule wenye upinde wa kaboni, ambao kwenye baiskeli ulikuwa unayumba na kupoteza nguvu, lakini uliokoa muda wa kubadilisha. Mwaka 2022 walitenganisha. Mguu wa baiskeli ulitengenezwa ukiwa mfupi na mgumu, kibanio cha pedali kikafungwa moja kwa moja chini yake bila kiatu, na mikono ya pedali ikafupishwa pande zote mbili ili goti lisikunjike sana, kwa sababu kila lilipokunjika ukingo wa nyuma wa soketi ulikuwa unachoma kano zilizo nyuma ya goti. Mguu wa mbio ulimsubiri katika eneo la kubadilishia ukiwa na soksi yake kavu ya silikoni.

Pamoja na hilo uliwekwa uamuzi mdogo ambao mhusika aliupinga zaidi ya yote upande wa vifaa: baada ya kutoka majini, kukikausha kigutu kwa taulo kabla ya kuvaa. Zilikuwa sekunde chache tu, na kila mwanamichezo wa masafa mafupi huziona sekunde hizo zikimtoka kama damu. Lakini maji yanayonaswa kati ya ngozi na silikoni huifanya soksi iteleze, na kuteleza huko kwa kilomita 25 zinazofuata ndiko kunakotengeneza lengelenge.

Uamuzi wa tatu, na huu ndio uliochukua muda mrefu, ulikuwa wa viwanja vya ndege. Bajeti ilionyesha wazi kwamba siku za safari mguu bandia ulipaswa kuvuliwa, na mhusika atumie magongo au kiti cha magurudumu. Alikataa. Kwa miezi miwili alitoa sababu za kila aina: kwamba magongo yatamchosha mabega, kwamba kiti kitachelewesha timu, kwamba hesabu yenyewe si ya kisayansi. Sababu halisi aliitoa mwenyewe baadaye, katika mazungumzo na mtaalamu wa fiziotherapia. Alisema kwamba tangu alipoanza kutembea watu wazima walimpigia makofi kwa kutembea, na hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi kwa kukaa. Kusukumwa kwenye kiti mbele ya wanamichezo wa nchi nyingine, akiwa mwakilishi wa nchi yake, kulikuwa kwake sawa na kukiri kwamba sifa yote ya utotoni ilikuwa ya uongo.

Kocha hakumlazimisha. Alipendekeza majaribio: safari moja kwa mguu bandia, safari inayofuata kwa kiti, picha za kigutu zipigwe kila asubuhi kwa siku kumi baada ya kila safari, na mhusika mwenyewe azilinganishe bila mtu mwingine kuwapo. Baada ya safari ya pili hakuna aliyemwuliza uamuzi wake. Aliagiza kiti mwenyewe kwa safari ya tatu.

Matokeo

Paris 2024 ilikuwa na mashindano 11 ya paratriathloni, na safari hii wanawake wa PTS4 walipata shindano lao. Kama mhusika alifuzu au hakufuzu, na kama alifuzu alimaliza wa ngapi, halisemwi hapa. Wanawake wa daraja hilo katika ngazi ya juu ni wachache mno, na jibu lolote, hata la kukanusha, lingemtambulisha.

Kinachoweza kusemwa ni hiki. Kati ya 2018 na 2021 hakumaliza msimu hata mmoja bila jeraha la ngozi, na kwa jumla ya vipindi hivyo alikaa nje ya mazoezi ya mbio kwa miezi mingi. Katika misimu mitatu iliyofuata alipata jeraha moja tu lililomsimamisha, akalitangaza siku lilipoanza, na akarudi baada ya siku tisa. Alikuwa anakimbia kwa mguu bandia mara mbili kwa wiki badala ya nne, siku nyingine akikimbia kwenye maji ya kina akiwa amevaa mkanda wa kuelea, na muda wake wa kilomita 5 ulikuwa bora kuliko alipokuwa anakimbia mara nne.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchagua mfano. Norman ni mwanamichezo wa pekee, aliyeshinda pia shaba ya mita 400 katika riadha huko Rio, lakini baada ya 2017 yeye alikuwa PTS5 na mhusika PTS4. Tofauti hiyo ya daraja inamaanisha kwamba wapimaji waliona athari mbili zisizo sawa, hata kama kwa mtazamaji wa kawaida wote ni "wanawake wa mguu bandia". Mfano mmoja uliofanikiwa ulithibitisha kwamba jambo linawezekana kwa mtu fulani mwenye kigutu fulani. Haukusema lolote kuhusu ngozi ya mtu mwingine.

Tena hesabu ya wapinzani haikufanywa kwa makini. Wanawake watatu waliopanda jukwaani katika PTS5 huko Tokyo, yaani Lauren Steadman, Norman na Claire Cashmore, ndio haohao waliopanda Paris kwa mpangilio tofauti, na wote watatu wamezaliwa na tofauti ya kiungo. Steadman na Cashmore wa Uingereza walizaliwa bila sehemu ya mkono, kwa hiyo hukimbia kwa miguu yao miwili, na wote wawili walikwisha kuogelea katika Paralimpiki kabla ya kuhamia mchezo huu. Silaha kubwa ya mhusika katika PTS4 ilikuwa kuogelea. Katika PTS5 silaha hiyo ilikuwa mikononi mwa wapinzani pia, na pengo lililobaki lilipaswa kuzibwa kwa mbio, yaani kwa kile hasa ambacho kigutu chake kilikuwa hakimudu. Timu ilimwongezea mzigo mahali palepale alipokuwa dhaifu ili afidie faida ambayo ilikuwa imeshatoweka.

Kuahirishwa kwa Michezo kulizidisha kosa. Mwaka wa ziada ungeweza kutumika kuuliza kwa nini kidonda kilitokea. Badala yake ulichukuliwa kuwa muda wa kujaribu tena, na kidonda kikahesabiwa kuwa ajali.

Suala la kuficha jeraha linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ni rahisi kulifanya kuwa kosa la tabia. Mwanzoni hata mimi niliposoma kumbukumbu hizi nililiona hivyo. Lakini mtu aliyeishi na soketi tangu hajajua kusema amezoea kiwango fulani cha maumivu kama hali ya kawaida, na hana kumbukumbu ya mguu usiouma ambayo angeweza kuitumia kulinganisha. Timu ilimchukulia kuwa mtaalamu wa kigutu chake kwa sababu alizaliwa nacho, na kwa mambo mengi alikuwa hivyo. Kuhusu ngozi alikuwa na uzoefu mrefu bila mafunzo yoyote. Kanuni iliyosaidia baadaye ilikuwa ya kumwondolea kazi ya kuamua kama inauma vya kutosha: wekundu ukibaki dakika 20 baada ya kuvua mguu, mbio za siku hiyo hufutwa, na hakuna mjadala. Namba iliyokubaliwa mapema ilimpa njia ya kusema "leo siwezi" bila kuonekana kwamba amelalamika.

Kumwingiza mtaalamu wa viungo bandia katika vikao vya kupanga mazoezi kulileta faida kubwa kuliko kifaa chochote kilichonunuliwa. Kabla ya hapo aliitwa soketi ilipoharibika, kama fundi anavyoitwa bomba likipasuka. Alipoanza kuiona ratiba mapema aliweza kusema kwamba wiki mbili baada ya soketi mpya si wakati wa kambi ya mazoezi kwenye joto, jambo ambalo kocha hakuwa na namna ya kulijua.

Kuhusu miguu miwili tofauti, sina uhakika kama uamuzi ulikuwa na faida iliyodaiwa. Mbio ziliimarika, lakini ziliimarika katika kipindi kilekile ambacho majeraha yalipungua, soketi ilitengenezwa upya na mazoezi ya mbio yalipunguzwa, na kwa mtu mmoja haiwezekani kutenganisha sababu hizo. Mhusika anaamini kwamba faida kuu ilikuwa soksi kavu katika ubadilishaji wa pili, wala si upinde wenyewe. Huenda ni kweli. Soksi mbili zingegharimu sekunde chache kuliko miguu miwili.

Bajeti yenyewe ilikuwa na kasoro ambayo iligunduliwa kwa kuchelewa. Ilihesabu hatua za mguu bandia pekee. Siku za magongo uzito wote wa kutembea ulihamia kwenye mguu mzima, na katika mbio mguu huohuo ulikuwa ndio unaosukuma zaidi. Katikati ya msimu wa 2024 kano ya kisigino ya mguu huo ilianza kuuma asubuhi, na mtaalamu wa fiziotherapia alipoomba takwimu zake hazikuwepo. Safu ya mguu mzima iliongezwa kwenye daftari wiki hiyo, kwa kalamu, pembeni mwa ukurasa, kwa kuwa jedwali lililochapishwa halikuwa na nafasi yake.